Nilisaini "Hapana", Tukafungiwa Miaka Mitano

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia. Anataka kuomba ukaazi wa Kanada, mumewe aliwahi kurudishwa kutoka Ulaya, na kuna mtu amemshauri ajaze fomu kama hajaolewa, halafu amvute mume baadaye. Nilisoma ujumbe ule nikiwa jikoni, maziwa yakachemka mpaka yakamwagika jikoni pote. Ushauri wa namna hiyo ndio ulionilia miaka mitano.

Mume wangu, Baba Neema, alikwenda Uingereza mwaka 2007 kwa viza ya masomo. Viza ikaisha 2010, akabaki bila makaratasi, akiosha vyombo mgahawani, mpaka 2012 walipomkamata, wakamchukua alama za vidole na kumpandisha ndege. Mimi wakati tunachumbiana hapa Moshi aliniambia alimaliza chuo akarudi. Ukweli niliujua mwaka 2019, tukiwa na miaka minne ya ndoa, usiku tunajaza fomu ya kuomba ukaazi wa Kanada. Tulifika kwenye swali linalouliza kama umewahi kunyimwa viza, kukataliwa kuingia au kuamriwa kuondoka Kanada au nchi nyingine yoyote. Akanyamaza. Alikunja kona ya kitambaa cha meza, akaikunjua, akaikunja tena, ndipo akaanza kusema.

Sijapona kabisa na usiku ule. Kurudishwa kwake ningekubeba. Lakini aliniacha niuze kiwanja changu cha Njia Panda, nilichokinunua kwa mshahara wa unesi, ndipo anieleze.

Kesho yake tukaenda kwa wakala wa viza. Akasema, "Mambo ya Uingereza, Kanada watayajulia wapi? Andikeni hapana." Nikasaini. Kwa miaka miwili niliwaambia ndugu zangu kwamba nilidanganywa. Sikudanganywa. Nilijua, nikasaini.

Tukapanda basi la alfajiri kwenda Dar kutoa alama za vidole. Mume wangu aliweka vidole vinne kwenye kioo, mashine ikakataa, vimelowa jasho. Dada wa pale akampa tishu, akafuta, akaweka tena. Safari hii vikasoma. Nilijua pale pale kwamba tumekwisha. Kanada hubadilishana taarifa hizo na Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand, kwa hiyo vidole vilivyochukuliwa 2012 vilikuwa vinatusubiri.

Barua ikaja kututaka tujieleze. Wakala akashauri tuseme ni majina yamefanana, kisha simu yake ikawa haipatikani. Tukaandika ukweli, umechelewa. Novemba 2019 tukakataliwa, tukafungiwa kuingia Kanada miaka mitano, wote wawili. Adhabu hiyo zamani ilikuwa miaka miwili, wakaiongeza mwaka 2014. Na kumbe Uingereza ndiyo iliyomfungia Baba Neema miaka kumi. Kwa Kanada, kule kukaa bila viza peke yake kusingetuzuia. Kilichotufunga ni neno moja tuliloandika wenyewe.

Nilikuwa na miaka 29, umri unaopata alama zote 100 za umri kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua waombaji wa ukaazi kwa alama, kwa mwenye mwenza. Nikiwa na 35 nilipata 70. Mtihani wa Kiingereza, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili, nikaurudia. Mama mkwe alisema mbele ya watu, pale Kibosho, kwamba nimemroga mwanawe asiende popote.

Mwezi uliopita tumekubaliwa. Nashukuru Mungu, na najivunia, kwa sababu safari hii hatukumlipa wakala hata shilingi. Mume wangu aliiandikia wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza kuomba kumbukumbu zake zote. Ni haki yake kisheria na ni bure. Faili lilipokuja tukakuta tarehe mbili alizokuwa anazikumbuka vibaya. Tungeandika kwa kichwa, tungeonekana tunadanganya tena. Kisha akaandika barua ya ukurasa mmoja: aliingia lini, viza iliisha lini, alirudishwa lini, 2019 tuliandika nini. Kwenye swali lile tukajibu ndiyo, wote.

Wanandoa wenzangu, semeni yote kabla hata shilingi haijatoka. Mwanamume unayeficha muhuri wa zamani, unamfungia mkeo na watoto wako mlango wasioujua. Na wewe mama unayejua, usijifanye hukujua. Kila nchi ina hesabu yake. Marekani, ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 bila kufika mwaka kisha ukaondoka, huruhusiwi kurudi kwa miaka mitatu. Ukifikisha mwaka, miaka kumi. Isomeni sheria ya nchi mnayoiomba, msisomewe na mtu anayetaka kamisheni.

Dada wa Sakina, jibu langu ni hapana. Kanada, mume usiyemtaja kwenye fomu na asiyepimwa wala kuchunguzwa pamoja nawe, kwa kawaida huwezi kumwombea baadaye kama familia. Utafika huko peke yako, ubaki peke yako. Mkalishe mumeo chini leo, muulize mwaka na mwezi, kisha ombeni kumbukumbu zake kwenye nchi iliyomrudisha. Sisi faili lilichukua wiki sita. Usilipie chochote kabla halijafika.