Kaa ana damu, ana moyo na mishipa anayo: majibu ya mfugaji wa kaa koko

Mkuu mleta uzi, umesema ulinunua kaa koko mzima, gando likamtoka ukiwa umemshika, na pale lilipotoka hukuona hata tone la damu. Mdau mmoja akakujibu kwamba kaa hana damu, moyo wala mishipa, ni maji tu yanacheza ndani ya gamba. Naomba nijibu kwa kirefu, maana na mimi niliwahi kuamini hivyo hivyo na nikapoteza kaa wengi.

Nanenepesha kaa kwenye vizimba vya mikokoni, upande wa Tanga, mwaka wa sita sasa. Mwanzoni walikuwa wanakatana sana, nikashauriwa niwavunje ncha za magando. Jioni moja nikakaa na koleo, nikawavunja kaa 18, nikawaweka kwenye ndoo kwanza halafu nikawarudisha kizimbani. Asubuhi 11 walikuwa wamekufa. Kwenye ile ndoo nilikuta ute wa buluu hafifu umeganda kama uji wa wanga. Niliusogeza kwa kidole na ukang'oka kipande kizima. Hiyo ndiyo damu yao, na mimi ndiye niliyeimwaga.

Damu ya kaa haina wekundu kwa sababu haina hemoglobini. Kinachobeba oksijeni ni hemosayanini, ambayo ndani yake kuna shaba badala ya chuma, na inaelea kwenye majimaji ya damu yenyewe, haikai ndani ya chembe kama yetu. Ikishika oksijeni inakuwa ya buluu, ikiiachia inakaribia kuwa kama maji. Ndiyo maana unaweza kuikanyaga sokoni ukadhani ni maji ya barafu. Kina mama wa jikoni wanaifahamu bila kuiita damu: ukimchemsha kaa, ule utando mweupe kama ute wa yai unaoganda kwenye maungio, sehemu kubwa ni damu iliyoiva. Na si kidogo, ni kama robo ya uzito wake, pengine zaidi.

Sasa gando lako. Wewe hukulivunja, kaa mwenyewe ndiye aliyeliachia. Karibu na shina la kila mguu na kila gando kuna mstari ambao umeumbwa kukatika, na ndani ya mstari huo kuna ngozi inayojifunga mara moja na kuzuia damu. Koleo langu lilivunja kwenye ncha, mahali pasipo na ngozi hiyo. Damu yao inajua kuganda, lakini jeraha lilikuwa pana mno. Tangu siku ile sivunji kitu, nafunga magando kwa kamba na kila kaa namtengea chumba chake.

Moyo nimeuona kwa macho yangu. Nilimlaza kaa kwenye barafu mpaka akaacha kabisa kujibu nikimgusa, nikainua gamba la mgongo taratibu kuanzia nyuma. Katikati, nyuma ya tumbo la chakula, chini ya ngozi nyembamba, kulikuwa na kitu cheupe chenye kona, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, bado kinapiga. Kinapiga, kinatulia, kinapiga tena. Baadaye nikasoma kwamba moyo wa binadamu unajiendesha wenyewe, ila wa kaa unasubiri amri ya fundo dogo la neva lililo kwenye ukuta wake wa juu, kwa ndani, lenye seli 9 tu. Ukilitenga fundo hilo, moyo unasimama.

Mdau anayesema hana mishipa amepatia nusu. Vena kama zetu, yaani mishipa ya kurudisha damu moyoni, hana. Moyo umening'inia ndani ya mfuko uliojaa damu, na damu inaingia kupitia matundu yenye vilango, jozi tatu. Ukijikaza, vilango vinafunga na damu inatoka kwa ateri saba, yaani mishipa ya kupeleka damu mwilini: moja kwenda kwenye macho na ubongo, nyingine pembeni na kwenye ini, moja nyembamba nyuma, na moja nene inayoshuka moja kwa moja chini, inapita katikati ya fungu la neva la kifuani na kulisha miguu na magando. Ateri hizo zinagawanyika mpaka zinakuwa kama nyuzi, kisha damu inamwagika kati ya viungo, inakusanyika chini, inapanda kwenye matamvua, yale majani ya kijivu tunayoyatupa, na kurudi moyoni ikiwa na oksijeni. Mwaka 2002 Iain McGaw na Carl Reiber walichapisha ramani ya mishipa ya kaa buluu wa Marekani waliyoipata kwa kumjaza utomvu wa plastiki, na matawi yake ni mengi kuliko wengi walivyodhani. Linganisha na panzi, ambaye ni wa ukoo mmoja na kaa kwa mbali: yeye hewa inamfikia kwa vijibomba, hivyo damu yake haina mzigo wa oksijeni na mshipa mmoja wa mgongoni karibu unamtosha.

Ile ateri nyembamba ya nyuma ndiyo inanivutia zaidi. Kamba koche ana mkia uliojaa nyama, na mshipa wa kuulisha ni mkubwa. Kaa aliukunja mkia chini ya kifua, ule tunaoutazama kujua dume na jike, ukabaki mwembamba na mshipa wake ukapungua. Umbo hili limetokea angalau mara tano katika koo tofauti, na mwaka 1916 mtaalamu wa wanyama Borradaile aliyapa mageuzi haya jina la kitaalamu, "carcinization", yaani kugeuka kuwa kaa. Yule kaa mkubwa wa minazi wa kisiwa cha Chumbe, kwa mfano, ni ndugu wa wale wanaojificha kwenye maganda ya konokono, si wa kaa koko.

Na zile video za "kaa" anayekamuliwa damu ya buluu Marekani kwa ajili ya kupima dawa, huyo si kaa. Yuko karibu zaidi na nge na buibui.

Kaa wako hajaharibika, mkuu. Angalia kile kisiki: kama kimezibwa na ngozi kavu, inayoanza kuwa nyeusi, anaweza kuishi, na akibadili gamba gando jipya litaota, dogo kwanza. Ukikuta kinachuruzika ute, mpike leo leo.