Mnaosimamia malisho na misitu ya kijiji huku Dodoma, kaeni kikao mwezi wa tano

Wajumbe wa kamati za maliasili na maafisa mifugo wapya waliopangiwa Bahi, Chamwino na Kongwa wananiuliza sana, mabadiliko ya tabianchi tunaanza nayo vipi kijijini? Jibu langu ni lilelile, semina ya tabianchi iacheni kwanza, nendeni mkaangalie nyasi mwezi wa tano.

Sababu ni hii. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, na ikishakata imekata mpaka Novemba inaisha. Kwa hiyo ikifika Mei, majani yote ya kulishia miezi saba yameshaota, hayaongezeki tena, unachokiona ndicho ulichonacho. Lakini mipango mingi ya matumizi ya ardhi ninayokutana nayo vijijini ina idadi moja ya mifugo kwa eneo, imeandikwa kana kwamba miaka yote inafanana, wakati msimu wa El Niño wa 2023/24 tulikuwa na maji tele na msimu mwingine mvua inaanza vizuri halafu Februari inapotea mpaka mtama unanyauka shambani. Mpango wa namba moja hauwezi kubeba miaka ya namna hiyo, na inavyoelekea ndo itazidi kubadilika hivyo.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua fremu ya mti ya mita moja kwa mita moja, itupe sehemu mbalimbali za eneo, kichangani, kwenye mbuga ya udongo mweusi, mlimani, usichague palipopendeza. Kata nyasi zote ndani ya fremu, kausha vizuri, pima kwa mzani. Wastani ukija gramu 100 maana yake una tani moja kwa hekta. Halafu chukua nusu tu, nusu nyingine ibaki kufunika udongo na kulinda mizizi, hapo msibishane kabisa maana ardhi ikibaki uchi mvua ya kwanza ya Desemba inaondoka na udongo wote. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 anakula kama kilo 6 na kitu za majani makavu kwa siku, kwa miezi saba ni kama kilo 1,300. Kwa hiyo mwaka wa tani moja kwa hekta, ambapo nusu ya kulisha ni kilo 500, kila ng'ombe anahitaji hekta karibu 2.7, na mwaka wa tani mbili zinamtosha 1.3. Mkishaona hiyo hesabu mnajua Mei hiyohiyo kama kuna mifugo iuzwe Juni ikiwa bado imenona, badala ya kusubiri Oktoba ng'ombe ni mifupa na bei imeshuka.

Na tafadhali wazee wawepo kwenye hicho kikao, na akina mama wanaokata kuni wawepo. Mzee mmoja wa Kigogo aliniambia, "Mwanangu, sisi tulikuwa hatuweki ng'ombe wote boma moja," yaani walikuwa wanawagawa kwa ndugu na marafiki walio mbali ili ukame ukipiga huku wasiishe wote. Huo ni mpango kamili wa kukabiliana na ukame, ulikuwepo kabla hatujazaliwa, na kijiji chenye mahusiano hayo ukikipelekea mpango usioyatambua utakuwa umekirudisha nyuma.

Upande wa miti, naomba bajeti ya miche isiwe kitu cha kwanza. Mche uliopandwa Januari ukikutana na ile Februari kavu haufiki mbali, lakini kisiki cha mgunga au mkole kina mizizi iliyoshashuka chini tayari. Hii ndo kisiki hai mnayoisikia: unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogolea mengine, unafunga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mwenye jembe wajue huu unatunzwa. Kule Niger wakulima wamerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta kwa njia hii.

Moto nao. Eneo likihitaji kuchomwa, basi lichomwe mapema, Mei au Juni nyasi zikiwa bado na ubichi, moto unapita taratibu. Wa Septemba na Oktoba unaua machipukizi yote mliyoyatunza, ndo maana barabara za moto, zile njia zinazofyekwa ili moto usivuke, zisafishwe kabla ya hapo.

Halafu kuna jambo la kufunga maeneo, hili linanigusa kweli. Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye milima iliyokuwa imeliwa na makorongo, uoto ukarudi, hilo halina ubishi. Ila ng'ombe walihamia kwingine, na waliobeba gharama ni wenye mifugo. Mkitaka kufunga eneo, fungeni kipande na mkubaliane kitafunguliwa lini na kwa nani, kama Wasukuma wanavyofanya na ngitili, yaani eneo la malisho ya akiba, linafungwa wakati wa mvua linafunguliwa kiangazi kikikolea. Makubaliano yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji yawe sheria ndogo, la sivyo mgeni mwenye ng'ombe mia mbili akija Agosti hamna pa kumshika.

Matokeo ya vipimo andikeni kwenye daftari moja likae kwa mtendaji, pigeni na picha palepale kila Mei, na nakala mpeleke kijiji jirani mapema maana mifugo yao nayo inakula kwenu.