Kuku Wakidonoana, Angalia Kinga Kabla ya Kukata Midomo

Mfugaji wa Ruai au Kasarani, Nairobi, akiona kuku wa mayai wameanza kung'oana manyoya, humwita haraka mtu wa kukata ncha za midomo yao. Sisi tungemwambia afungue kwanza daftari la chanjo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, wamekuta kuku wa ukoo unaodonoa sana wana kinga ya mwili tofauti na wa ukoo mpole. Tena kuku waliodungwa protini ngeni ya kuamsha kinga walionekana baadaye na manyoya yaliyoharibika zaidi. Si sababu ya kuacha chanjo. Kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, kikiingia kitafagia banda zima.

Shida ni kurundika mambo. Kati ya wiki ya 16 na 18, mitetea, yaani kuku wachanga wanaokaribia kutaga, huchanjwa, huhamishwa, hubadilishiwa chakula na kuwashiwa taa, yote kwa mkupuo. Chanja kwanza, ngoja wiki mbili, ndipo uhamishe. Chakula kipya kichanganye na cha zamani kwa siku saba. Taa zije mwisho, nusu saa kila wiki, hadi mwanga utimie saa 16 kwa siku. Jua la hapa hutupa kama 12 tu. Mtetea akisukumwa na taa kabla mwili haujakomaa, hutaga kwa shida na nyama ya ndani hutokeza nje. Wenzake wakiona wekundu ule, watadonoa mpaka wavute utumbo.

Chanjo ikiharibika utalazimika kurudia, na kinga isumbuliwe upya. Klorini ya maji ya mfereji huua chanjo hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa), kwa hiyo koroga gramu 2 hadi 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri nusu saa, ndipo utie chanjo. Kuku wainywe yote ndani ya saa mbili.

Kudonoana nako hudhoofisha kinga. Kidonda ni mlango wa ndui, na kuku anayekula nyama ya mwenzake mgonjwa anaweza kuambukizwa taifodi ya kuku. Kuku anayekimbizwa kutwa hujaa homoni za mfadhaiko, ambazo zikidumu hupunguza nguvu ya chembe nyeupe za damu. Akibaki mgongo wazi katika baridi ya Julai, anakula zaidi ili ajipashe joto tu. Gunia linaisha, trei hazijai.

Chakula kikague pia. Omena (dagaa) iliyochanganywa na mchanga huongeza uzito bila protini, na kuku wa kutaga anahitaji asilimia 16 hadi 18. Chumvi ikipungua nayo huchochea kudonoana. Sakafu ya saruji tupu ni balaa, kwani kuku asipopata cha kuchakura huchakura mwenzake. Mwaga maranda makavu, ning'iniza sukuma wiki usawa wa kichwa. Usiku mulika tochi chini ya vitulio utafute utitiri mwekundu, vijidudu vinavyofyonza damu.

Aliyejeruhiwa mtoe papo hapo, mpake dawa ya zambarau, na usimrudishe kabla kidonda hakijafunga; kikifunga, mrudishe usiku. Anayedonoa mtenge pia, maana wengine huiga. Kukata midomo ya kuku ambaye tayari anataga tunakuona kama hatua ya mwisho kabisa: ni maumivu mapya kwa mwili uliokwisha kuelemewa, na mayai yatashuka.