Barua kwa mwanangu aliyeitwa chawa

Mwanangu, asalaam aleikum.

Voisi yako nimeisikiliza yote, tena nikairudia usiku baba yako alipolala maana kuna maneno mule sikutaka ayasikie kwanza, unamjua presha yake. Kwa kifupi umesema kwenye grupu lenu la wanaharakati huko Dar mlichangishana hela ya wakili, wewe ukatoa elfu ishirini, siku zikapita, ukauliza jamani hesabu iko wapi, ukaongeza kwamba kumtukania mtu mama yake mzazi kwa sababu tu ni wa chama tawala siyo siasa. Basi kosa. Ukaitwa chawa, yaani mpambe wa wakubwa, ukaitwa pandikizi, ukatolewa, na skrinshoti ya swali lako ikazungushwa huku picha yako imechorewa mdudu kichwani. Ndiyo unaniuliza, hivi hawa wanaodai uhuru wa kusema mbona wenyewe hawataki kupingwa, tofauti yao na serikali ni ipi, si bora niachane na siasa nilee wanangu.

Nianzie hapo kwenye tofauti maana hapo umeniudhi kidogo. Tofauti ipo na ni kubwa. Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao wa Chadema alishushwa kwenye basi akitoka Dar kuja huku kwetu Tanga, mbele ya abiria, kesho yake mwili ukapatikana Ununio, na maziko yakawa hapa hapa. Mama yako nilisimama dukani siku ile nikamsikia mtu mzima na kanzu yake anasema si alijitakia, nani alimtuma, nikamwambia Mwenyezi Mungu akusamehe, nikaacha na sukari yenyewe nikaondoka. Na usisahau mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016 mpaka Januari 2023, na 2018 zikaja kanuni kwamba mwenye blogu alipe zaidi ya milioni mbili ndiyo apate leseni ya kuandika mawazo yake, milioni mbili mwanangu, za kuandika! Na Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi walipozima intaneti, meseji yangu kwako ilikaa na kile kisaa chake pembeni haiendi, nasikia huko Dar risasi na amri ya watu kutotoka nje usiku, mimi nimeshika simu kama mwehu. Aliyekutoa kwenye grupu amekuvunjia heshima, sawa, lakini umerudi nyumbani umekula umelala. Usiwapime kwa mizani moja, utawaonea waliozikwa.

Ila hilo haliwasafishi wenzako hata kidogo.

Maana tabia ya kutovumilia haianzi mtu akishapata polisi na magereza, inaanza akiwa hana kitu, ana grupu tu na kidole cha kubonyeza. Akishika dola anabadilisha kifaa. Wewe umesoma historia kunizidi lakini nadhani shuleni mlipitishwa mbio mbio. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa na wakoloni kwa maneno aliyoandika kwenye gazeti la chama kuhusu mabwana shauri, wale wakuu wa wilaya wa kikoloni, akatozwa faini. Kwa hiyo alijua utamu wa kufikishwa mahakamani kwa sababu ya kusema. Mwaka huo huo mwezi wa kwanza, kule Tabora, TANU, chama chake Mwalimu, walibishana siku kadhaa juu ya ile kura tatu, kwamba mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Mwalimu anasema tuingie hivyo hivyo, Zuberi Mtemvu anasema hiyo ni dharau, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC. Mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Mwalimu, akapata kura elfu ishirini na moja na kidogo, mwenzake zaidi ya milioni moja na laki moja. Akachekwa sana. Lakini hebu niambie, hizo elfu ishirini na moja zilimtisha nani? Na bado mwaka huo huo 1962 ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na 1965 tukabaki na chama kimoja. Mwalimu nampenda mpaka kesho, asiniguse mtu, ila hiyo ndiyo njia yenyewe ilivyopita, na waliopita ni watu wema waliodhani wanalinda kitu kizuri. Wenzako nao wanadhani hivyo hivyo.

Halafu mwambie huyo admini wenu anayejisifu sisi ndiyo wengi, wananchi wote wako na sisi. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi 1991 kukusanya maoni, mimi nilishakuwa na akili zangu, watu kama asilimia 80 walisema chama kimoja kinatosha. Asilimia 20 ndiyo walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi virudi, na 1992 vikarudi. Yaani hivyo vyama wanavyovipigania, na bendera wanazopeperusha, zipo kwa sababu wachache hawakufungwa mdomo! Leo mtu mmoja anauliza elfu ishirini yake, eti anavuruga mapambano. Katiba ibara ya 18 imesema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Hata chawa wa kweli yumo humo, sembuse wewe.

Kuna kitu nataka ukitenganishe, maana kwenye voisi umechanganya kumsusa mtu na kumwonea. Mtu akiacha kumsikiliza msanii aliyepanda jukwaa la kampeni, asiende shoo yake, amwanfolo, hiyo ni kususa, na kususa ni haki yake, sisi wanawake wa Tanga tunaijua sana. Kumjibu kwa ukali ni haki vile vile. Zamani hapa mjini Black Star na Lucky Star walikuwa wakipigana vijembe vya taarabu watu wanakesha, huyu akitupa hiki yule anajibu na kizito zaidi, sikuwahi kusikia mmoja kaenda kuomba mwenzake anyang'anywe gitaa. Lakini ukimzushia uongo, ukatoa namba ya simu ya mkewe, ukachoma duka lake, hiyo siyo kususa tena wala siyo kumjibu. Wewe wamekujibu? Hapana. Swali la hesabu mpaka leo liko pale pale, wamekuchorea mdudu basi.

Unakumbuka 2015 mjomba wako alivyokuwa CUF damu, mwaka ule Mussa Mbarouk alipochukua ubunge wa Tanga mjini? Mjomba alikuja na bodaboda wakipiga honi mpaka uani kwetu akafunga bendera kwenye mlimao wa baba yako, CCM yule. Baba yako akatoka na msuli, hakusema kitu, akalifungua lile fundo taratibu, akaikunja bendera vizuri, akampa mkononi, akamwambia kwangu haikai, ila kahawa ipo ingia. Wakaingia wakapigiana kelele mpaka adhana ya isha. Na nisikudanganye eti walimaliza vizuri, kuna maneno yalitoka siku ile hayajafutika mpaka leo, mjomba akikumbushwa anakasirika upya. Lakini harusi yako nani alisimamia wapishi? Mjomba. Nani alimkopesha hela ya sare? Baba yako. Sisemi kila mtu awe hivyo, wengine majirani hapa Ngamiani walisusiana hadi misiba, na wapo ambao mpaka leo hawaingiliani.

Sasa uache au usiache. Usiache. Ila usirudi kuomba urudishwe kwenye grupu kama mtoto aliyefukuzwa madrasa. Wewe uliniambia wapo watatu wanne waliokutumia meseji pembeni kwamba uko sahihi lakini wanaogopa kusema, anza na hao, kaeni ana kwa ana, mwandikieni mweka hazina barua kwa majina yenu mkidai hesabu, kwa adabu, bila tusi hata moja. Akijibu, vizuri. Asipojibu mtajua mlikuwa mnachangia nini. Na wale wa upande wa pili ambao wameshaanza kukulaiki laiki na kukuita dada jasiri, jihadhari nao sana, wanachofurahia ni ugomvi wenu. Usije kwa hasira ukaamka siku moja umehamia kwao eti unaunga mkono juhudi, nitakuzaba kofi na utu uzima wako huo.

Na kama kuna hatari ya kweli, sitaki ushujaa wa kijinga. Usisafiri peke yako usiku, mwambie mumeo uko wapi. Mimi nataka mwanangu anayesema, lakini nataka awe hai.

Baba yako nimemsimulia nusu, ile ya mdudu nimeiacha. Mjomba nimemsimulia yote, kacheka, kasema mwambie karibu kwenye ukoo wa waliofukuzwa. Wabusu wajukuu zangu, na ile dawa ya miguu ukipata mtu wa kuaminika anayekuja huku mpe.

Mama yako,
Tanga