Nikimwita ubaoni anaganda

SWALI: Habari za kazi, mi nafundisha hesabu kidato cha kwanza huku Tandahimba. Nna binti mmoja darasani nikimwita tu ubaoni chaki inamdondoka, anaganda mpaka wenzie wanaanza kucheka. Ajabu msimu wa korosho nilimkuta chama cha msingi cha wakulima na babu yake, anajumlisha kilo za magunia kichwani karani hata hajamaliza kuandika. Huyu ni uvivu au ananifanyia makusudi?
Ticha, Tandahimba

JIBU: Uvivu haupo hapo ticha. Hesabu anazijua, anachoogopa ni ubao, na hofu ya hivyo mtu hazaliwi nayo, kuna mahali kaipata, labda aliwahi kuchapwa au kuzomewa akiwa pale mbele, basi toka siku hiyo ubao na aibu kwake kitu kimoja. Na kichwa kikishajaa wasiwasi pa kushikia namba panabaki padogo, ndo maana hata jibu analolijua linayeyuka. Halafu hao wanaocheka, samahani ila hapo na wewe una kesi, kwa nini unawaacha?

Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika kuhusu mtoto anaitwa Peter, alikuwa anaogopa sungura. Hakulazimishwa kumshika. Alikaa kwenye kiti chake anakula anachokipenda, sungura yuko mbali ndani ya kizimba, anasogezwa kidogokidogo, mtoto akianza wasiwasi anarudishwa nyuma, ikaenda hivyo siku kwa siku mpaka Peter akawa anamshikashika mwenyewe.

Sungura wa binti yako ni huo ubao. Kwa sasa usimwite kabisa, mpe maswali ya magunia na kilo afanye kwenye daftari na jirani yake wa dawati, kwa Kiswahili kwanza maana miaka saba ya msingi kasoma hesabu kwa Kiswahili, hicho Kiingereza cha sekondari chenyewe ni sungura wa pili. Akizoea aeleze jibu akiwa amekaa palepale. Baadae aende mbele na mwenzie, mmoja anaandika mwingine anaongea, ukiona mikono inaanza kutetemeka rudi hatua moja wala usimgombeze. Siku atakayoenda peke yake mpe swali ambalo keshalipata kwenye daftari, we kaa nyuma ya darasa huko, usimsimamie begani.