Maswali yenu kuhusu gemu za vinukta

Mdogo wangu ana kompyuta yenye nguvu, lakini kutwa yuko kwenye RPG (gemu ya kuwa mhusika katika kisa) ya picha za vinukta, kama zile za kaseti tulizochomeka utotoni. Anaona nini humo?

Anaona kile anachokiongezea mwenyewe. RPG ya Dragon Quest ilipotoka Japani mwaka 1986 kwenye mashine ya gemu ya Famicom, shujaa wake alichorwa ndani ya mraba wa nukta 16 kwa 16, na kila robo ya mraba huo iliruhusiwa rangi 3 tu. Jicho ni nukta moja au mbili. Hofu na uchovu wa safari vilitoka kwako mchezaji. Waundaji wa leo hawabanwi na mashine, wanauchagua ufinyu huo. Katika Undertale, gemu ya Toby Fox ya mwaka 2015, unaweza kufika mwisho bila kuua adui hata mmoja. Nilipoicheza nilimwonea huruma kiumbe aliyechorwa kwa mistari myeupe michache kwenye giza, nikashindwa kumpiga. Sidhani angenigusa hivyo kama ningeonyeshwa kila unywele wake.

Nilianza moja nikaiacha. Kila hatua tatu, vita! Kosa langu?

Si kosa lako. Mapigano ya kushtukiza yalirefusha gemu enzi ambazo kaseti ilibeba vitu vichache. Dragon Quest nzima ilikuwa kilobaiti 64. Leo sababu hiyo haipo, na mimi hunikera muundaji anapomrudishia mchezaji adha ya zamani akiiita heshima kwa wakongwe. Picha zirithiwe, usumbufu uachwe. Final Fantasy sita za kwanza, zilipofika kwenye mashine za PlayStation 4 na Switch mwaka 2023 kwa sura mpya, ziliwekewa kitufe cha kuzima mapigano hayo. Jaribu hizo.

Natamani kutengeneza ya kwangu. Vinukta si ndiyo njia rahisi?

Kuanza ni rahisi, kumaliza ndiko kugumu. Ukisogeza nukta moja usoni, mhusika aliyetabasamu ananuna. Eric Barone alichora, akatunga muziki na kuandika programu ya gemu ya vinukta ya Stardew Valley peke yake. Ilimchukua zaidi ya miaka minne hadi ikatoka mwaka 2016. Anza na chumba kimoja na mtu mmoja anayetembea.

Kompyuta yangu ni kuukuu. Zitakubali?

Undertale, bila shida. Octopath Traveler ya 2018 ni habari nyingine: watu wake ni wa vinukta, lakini wamesimamishwa katika mandhari yenye kina, mwanga na vivuli vinavyoielemea mashine. Soma mahitaji yake kabla ya kuchoma bando.

Mwanangu ana miaka 9, Kiingereza bado. Atazielewa gemu hizi?

Peke yake hapana, mzazi mwenzangu, na hapo ndipo mimi huumia. Gemu hizi nyingi hazina sauti za wahusika. Kisa chote kiko kwenye maandishi. Undertale rasmi ipo kwa Kiingereza na Kijapani tu. Kaa naye, msomee kwa Kiswahili kila mhusika kwa sauti yake: mzee akokoteze maneno, mfanyabiashara aropoke. Kwa kuwa hakuna sauti iliyorekodiwa ya kushindana nawe, zako ndizo atakazozikumbuka.