Mwanangu Husoma Katuni Tu: Maswali ya Wasomaji na Majibu

SWALI: Kwa Mhariri. Mwanangu ana umri wa miaka 14 na anasoma katika shule moja hapa Kisumu. Pesa yote anayopata huishia kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu mjini, naye harudi na kitabu kingine ila cha katuni. Kimoja hukimaliza kabla ugali haujaiva. Nikimwuliza amesoma nini, hunisimulia nani alimpiga nani, basi. Baba yake anataka tumkataze kabisa hadi amalize mitihani. Je, huko ni kusoma? Na kama ni kusoma, nifanyeje ili atafakari anachokisoma? — Mzazi, Kondele.

JIBU: Mama, huko ni kusoma, nami nawasihi wewe na mzee msimkataze. Kinachowasumbua ni ile haraka yake, na haraka inarekebishika.

Msomaji wa katuni ana kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa husoma maneno yaliyo ndani ya viputo, yaani yale maumbo yanayobeba usemi wa wahusika, na papo hapo husoma michoro, na mara nyingi viwili hivyo havisemi jambo moja. Mhusika anaweza kutamka kwamba hana kinyongo na mtu, ilhali mkono wake, uliochorwa chini ya meza, umekunja ngumi. Anayefuata viputo peke yake amesoma nusu tu ya ukurasa, na kijana anayemaliza kitabu kizima kabla ugali haujaiva yaelekea anafuata viputo.

Kuna pia ile nafasi nyeupe iliyo kati ya kisanduku kimoja cha mchoro na kingine, ambayo wengi huiruka bila kujua kwamba wao wenyewe wameijaza. Mchoraji wa Marekani Scott McCloud, katika kitabu chake Understanding Comics cha mwaka 1993, ambacho nacho kimeandikwa kwa katuni, alichora visanduku viwili: katika cha kwanza mtu ameinua shoka dhidi ya mwenzake, na katika cha pili tunaona mji usiku na kusikia mayowe. Hakuna mahali ambapo shoka limechorwa likishuka. Aliyelishusha ni msomaji, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo, badala ya kumwuliza kijana amepata funzo gani, swali ambalo watoto wetu wamelizoea mno shuleni hata hulijibu bila kufikiri, mwekee kidole kwenye ile nafasi nyeupe umwulize: hapa katikati kimetokea nini, nawe umejuaje?

Kisha jaribuni zoezi moja. Aliyekulia Kisumu hawezi kuwa hajasikia kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe na mikuki ikidunda juu yake, hadi alipooa binti wa maadui zake. Siku moja aliugua, akamwambia mkewe asimchanje yeye kwa wembe bali akichanje kivuli chake na kukipaka dawa. Damu ikatoka. Mwanamke akawapelekea watu wake siri hiyo, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki.

Mwambie mwanao auchore usiku huo wa kuchanjwa kwa visanduku 6, bila kuzidisha. Ataona mara moja kwamba kila kisanduku kinamdai uamuzi. Je, kivuli kionekane ukutani tangu mwanzo, bila mtu yeyote kukitaja? Akikificha hadi dakika ya mwisho, msomaji atashtuka, lakini pia atahisi amenyimwa kitu. Akikichora mapema, atakayeurudia ukurasa atagundua kwamba siri ilikuwa mbele ya macho yake muda wote. Na ule wembe je? Ukichorwa kwa ukaribu hadi ukajaza kisanduku, uso wa mwanamke hautaonekana, nasi hatutajua kama alisita. Kwangu mimi kusita huko ndiko moyo wa kisa hiki, na ningemtaka mchoraji anionyeshe angalau vidole vyake. Huenda mwanao akaona vinginevyo. Mwache akutetee uamuzi wake. Kijana aliyeyapima mambo hayo kwa penseli yake mwenyewe hawezi tena kukipita kisanduku cha mtu mwingine mbiombio.

Kuhusu anachosoma, akibahatika kwa wauzaji hao hao kupata nakala za mfululizo wa Pichadithi, uliosimulia ngano za Kenya kwa katuni katika miaka ya 1980, azinunue bila kusita. Wala msimkemee akishika Shujaaz kwa sababu ya Sheng yake, ile lugha ya mtaani ya vijana. Tangu mwaka 2010 jarida hilo limewaletea vijana mambo ya kilimo na uongozi kwa lugha wanayoongea.

Hata hivyo, baba yake ana hoja. Ustahimilivu wa kufuata sentensi ndefu hadi mwisho wake hupatikana katika hadithi fupi na riwaya, na katuni haiwezi kumpa huo. Kubalianeni na kijana asome vyote viwili.

SWALI: Nafundisha sekondari Nakuru na ninalea chama cha wasomaji. Tumesoma kitabu cha katuni kiitwacho Maus, lakini kila tahakiki ninayoletewa inasimulia hadithi na kuisahau michoro. Niwaelekeze vipi? — Mwalimu, Nakuru.

JIBU: Mwalimu, wape ukurasa mmoja, si kitabu kizima. Kwa faida ya wasiokijua, Art Spiegelman anasimulia humo jinsi baba yake, Vladek, alivyonusurika Auschwitz, kambi ambamo Wanazi, watawala wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waliwaua Wayahudi. Wayahudi wamechorwa kama panya na Wajerumani kama paka, na mwaka 1992 kitabu kilipata tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo ya uandishi ya Marekani. Fungueni pale Vladek na mkewe Anja wanapotembea wakiwa hawana pa kwenda. Maneno yanasema hivyo tu. Lakini njia iliyo mbele yao imechorwa ikigawanyika kwa umbo la alama ya Wanazi, kwa hiyo mwanafunzi aliyesoma maneno ataandika kwamba wamekosa makao, na aliyetazama ataandika kwamba kila njia inawarudisha mikononi mwa wale wanaowakimbia.

Dai aya ya kwanza ieleze kilichochorwa peke yake: mistari, weusi, ukubwa wa visanduku, nani amepewa mgongo. Maoni yaanze katika aya ya pili, na kila oni litaje kisanduku linakotoka. Lisilotaja kisanduku, lirudishe likaandikwe upya.